Vesak, Sikukuu ya Mwezi Mpevu

Sisi Waislamu wa pwani sikukuu zetu twazijua kwa mwezi mwandamo. Wabudha wa Sri Lanka, kisiwa ambacho Waarabu wa kale wakikiita Sarandibu, wao hungoja mwezi mpevu. Kila ukipevuka ni siku ya mapumziko nchi nzima, nao huiita Poya. Poya iliyo kubwa kuliko zote ni Vesak, ambayo kwa kawaida huangukia mwezi wa Mei. Siku hiyo hukumbukwa mambo matatu kwa pamoja: kuzaliwa kwa Budha, kupata kwake nuru na kufa kwake.

Asubuhi, wenye kushika dini huvaa nguo nyeupe wakaenda hekaluni. Huko huahidi kufuata masharti manane mpaka siku ya pili, na mojawapo ni kutokula baada ya adhuhuri. Aliyezoea saumu hataliona jambo hilo kuwa geni sana. Maduka ya pombe na ya nyama hufungwa.

Usiku ukiingia, taa za karatasi zilizoundwa kwa mianzi huwaka milangoni na njiani. Watu hutoka na watoto wao kutazama picha kubwa zilizozungushiwa taa za rangi, zenye kusimulia visa vya Budha.

Lakini linalonipendeza mimi zaidi ni dansala. Hivyo ni vibanda vya sadaka kando ya barabara, ambapo wapita njia hugawiwa wali, chai na vinywaji baridi bure. Mgeni haulizwi dini yake wala kabila lake.

Ndiyo maana naukumbuka mwaka 2019 kwa uchungu. Tarehe 21 Aprili, siku ya Pasaka, watu waliojidai kuupigania Uislamu walilipua makanisa na mahoteli, wakaua watu zaidi ya 250. Katikati ya Mei, nasi tumo katika Ramadhani, magenge yalivamia misikiti, nyumba na maduka ya Waislamu wasio na hatia. Tarehe 13 Mwislamu mmoja aliuawa. Siku tano baadaye ikawa Vesak.

Mwezi mpevu wa Vesak mwaka ule ndio uliokuwa mwezi wa katikati ya Ramadhani yetu. Walioitazama mbingu usiku ule, Mbudha na Mwislamu, waliona mwezi mmoja. Basi nasi, Idi ikifika, tusimsahau jirani asiye wa dini yetu: sahani yake na ifike mlangoni kwake.