Gari Yako Imekwaruzwa? Fanya Jaribio la Kucha Kabla ya Kwenda kwa Fundi Rangi

Umepaki gari Kariakoo nusu saa tu. Unarudi unakuta mstari mweupe mlangoni. Bajaji zimepita, bodaboda zimepita, na hakuna aliyeona kitu.

Ukienda kwa fundi, mara nyingi atakwambia mlango mzima upigwe rangi upya. Subiri kwanza. Mikwaruzo mingi ya aina hiyo haijafika hata kwenye rangi, na unaweza kuiondoa mwenyewe nyumbani. Ila ipo mingine ambayo ukiisugua unaharibu zaidi. Kwa hiyo kabla ya kushika kitambaa, jua wako ni upi.

Gari yako imepakwa nini?

Magari mengi ya sasa yana tabaka tatu juu ya bati: praima, kisha rangi yenyewe, halafu klia. Klia ndiyo inayong'aa. Kwa kawaida unene wake ni mikroni 40 hadi 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani kwako. Kila ukisugua, unapunguza kidogo, na ikiisha hairudi mpaka upigiwe nyingine.

Jaribio la kucha

Osha sehemu hiyo, ikaushe, halafu pitisha kucha taratibu kukatiza mkwaruzo.

• Kucha inapita bila kunasa: mkwaruzo uko kwenye klia. Huo unautoa mwenyewe.
• Inanasa kidogo sana: unaweza kuufifisha, lakini usitegemee uishe kabisa.
• Inanasa vizuri, au unaona praima au bati: usisugue.

Njia nyingine ni kumwagia maji. Mkwaruzo ukipotea pakiwa pamelowa na kurudi pakikauka, basi uko juu juu.

Na kuna wakati unachokiona wala si mkwaruzo, ni rangi ya chombo kilichokugusa imebaki juu ya gari yako. Hiyo hutoka kwa urahisi zaidi.

Unahitaji nini?

Shampoo ya gari, kompaundi laini ya kung'arishia (kwenye maduka ya spea ipo, soma kopo usije ukapewa ile nzito), waksi, na vitambaa vitatu vya maikrofaiba vilivyo safi.

Fanya hivi

1. Paki kivulini. Bati likiwa la moto, kompaundi inakauka kabla hujamaliza kusugua.

2. Osha na suuza vizuri. Punje moja ya mchanga ikibaki chini ya kitambaa, unajiongezea mikwaruzo mipya.

3. Weka kompaundi kidogo kwenye kitambaa, kama punje ya harage. Anza na sehemu ndogo isiyoonekana sana ili uone inavyofanya kazi.

4. Sugua kwa mkono mwepesi kwa nusu dakika hivi, kwenye eneo dogo tu. Futa, angalia. Rudia mara mbili au tatu ikibidi. Usikazanie ukingo wa mlango au mikunjo ya bodi, huko klia huwa nyembamba zaidi.

5. Ukimaliza, paka waksi na ung'arishe kwa kitambaa kisafi. Waksi haizibi mkwaruzo, inalinda pale uliposugua.

Angalia kitambaa chako kila mara. Kikianza kuchukua rangi ya gari yako, acha hapo hapo, huenda klia imeisha. Isipokuwa gari za zamani zisizo na klia, hizo ni kawaida kuacha rangi kidogo kwenye kitambaa.

Vipi kuhusu dawa ya meno?

Inasaidia kidogo, kwa sababu ina chembechembe laini za kusugulia. Tumia ile nyeupe ya kawaida, si ya jeli, na kwa alama ndogo sana tu. Lakini usitumie steelwire, sabuni ya unga ya kusugulia masufuria, thina wala petroli. Msasa nao waachie mafundi. Na kama rangi yako ni ile isiyong'aa, yaani mati, usiipige kompaundi kabisa, itaota madoa yanayong'aa.

Mkwaruzo ukiwa mzito

Ukifika kwenye bati, usiuache wiki kadhaa. Ukikaa Dar, Tanga au Mombasa, hewa ya chumvi inaleta kutu haraka, na kutu ikiingia chini ya rangi gharama inapanda. Tafuta rangi ndogo ya kuzibia. Namba ya rangi yako iko kwenye kibati au stika, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Kwenye Toyota nyingi angalia palipoandikwa C/TR: namba 040, kwa mfano, ni nyeupe. Ukienda na namba hiyo, hakuna kubahatisha.

Mwisho, chunga sana kitambaa cha kuoshea. Vile vimistari vya duara unavyoviona juani vingi havikuletwa na bodaboda. Vinatokana na kufuta vumbi kavu kwa tambara, au kuosha kwa kitambaa kilichodondoka chini kikaokotwa na kuendelea na kazi. Mwaga maji kwanza vumbi litoke, na ukienda kuoshewa gari, nenda na kitambaa chako.