Mifupa Mikavu Mbele ya Watu wa Katumba

Mhubiri atakayesoma Ezekieli 37 huko Katumba, karibu na Mpanda, na awakumbuke kwanza wasikilizaji wake. Wazee wengi wa hapo walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Baadhi ya wenzao walirejea kwao kuanzia 2008. Waliobaki Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 160,000, walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Je, bonde la mifupa lawashtaki kwa kubaki? Tuliwahi kusikia mahubiri ya namna hiyo, na wazee wakatoka kanisani kimya.

Sisi tunashika kanuni ya Luther kwamba Maandiko hujifafanua yenyewe. Aya ya 11 yatamka wazi kuwa mifupa ni nyumba ya Israeli, iliyokata tamaa uhamishoni Babeli. Tena taswira yenyewe yageuka: katika aya ya 2 mifupa imetapakaa bondeni, katika aya ya 12 wafu wamo makaburini. Mwenye kuifasiri neno kwa neno atakwama hapo.

Nchi iliyoahidiwa ni ya Israeli. Kuiita Burundi ni kuongeza neno. Na waraka wa Yeremia 29, kwa wahamishwa wa mwaka 597 K.K., ambao Ezekieli alikuwa miongoni mwao, uliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji walimo. Basi aliyelima Katumba na kuwazika wazazi wake pale hakuukataa unabii, wala aliyerudi Burundi hakuutimiza kwa safari yake. Wote wawili tuwahubirie aya ya 14, ambamo Mungu aahidi kuwatia watu wake Roho yake.