Jukwaani hakuna wa kukuchezea

Iwapo umewahi kutazama filamu ya Flashdance, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1983, bila shaka unamkumbuka yule binti wa mji wa Pittsburgh anayechomelea vyuma mchana na kucheza densi usiku. Mwishoni anasimama mbele ya majaji wa chuo cha densi. Anaruka hewani, anazunguka sakafuni kwa mgongo, anainuka bila hata kuhema. Mtazamaji huondoka akijiambia: mwili ule ni wa chuma.

Haukuwa wa chuma, wala haukuwa mwili mmoja. Sura ni ya mwigizaji Jennifer Beals, lakini sehemu kubwa ya densi ilichezwa na Marine Jahan, mzaliwa wa Ufaransa, ambaye jina lake hata halikuandikwa mwishoni mwa filamu. Kule kuruka alikufanya Sharon Shapiro, mwanajimnastiki. Na kuzunguka kwa mgongo? Hiyo ilikuwa kazi ya kijana wa kiume, Richard Colón, maarufu kama Crazy Legs, aliyevishwa nywele za bandia. Watu wanne walikatwa na kuunganishwa wakawa binti mmoja!

Mwaka 2008 hadithi hiyo ilipandishwa jukwaani huko Plymouth, Uingereza, ikiwa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, na mwaka 2010 ikafika London. Ukienda kutazama mchezo wa namna hii, jambo la kwanza utakaloliona ni jasho. Hakuna mkasi wa kukata pale mchezaji anapochoka. Yule yule anayeruka ndiye anayepaswa kuimba mara tu miguu yake inapogusa sakafu, na kifua chake unakiona kikipanda na kushuka.

Mfano mwingine ni Billy Elliot, filamu ya mwaka 2000 kuhusu mtoto wa mchimba makaa ya mawe anayependa kucheza bale. Ilipofanywa mchezo wa jukwaani London mwaka 2005, nafasi ya Billy walipewa wavulana watatu wakipokezana, kwa sababu mwili wa mtoto mmoja usingestahimili kazi ile usiku baada ya usiku. Kwenye filamu mvulana mmoja alitosha.

Hapa ndipo ukurasa wa afya unapoingia. Wataalamu wa mazoezi wana kipimo rahisi kisichohitaji mashine. Ukiwa unafanya zoezi la wastani, unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukishindwa hata kusema maneno machache bila kutua kuvuta pumzi, zoezi limekuwa kali. Basi mchezaji wa jukwaani anayeimba huku akiruka amejizoeza kwa miezi mingi kufanya kile ambacho mapafu yako na yangu yangekataa.

Huenda unajiuliza, ewe msomaji, mambo ya London yanamhusu nini mtu wa Garissa. Yanamhusu, kwani huko Kaskazini Mashariki watu walikuwa wakiimba na kucheza kwa pumzi moja tangu zamani, bila filamu wala jukwaa. Dhaanto ya Wasomali huchezwa kwa mistari, wachezaji wakipiga makofi, wakipiga hatua fupi za kurukaruka, shingo na mabega yakienda kama ya ngamia anayetembea, na wao wenyewe wakipokezana mashairi. Wanawake nao wana buraanbur yao: mmoja anatoa shairi, wenzake wanapiga ngoma na makofi, na mwenye miguu myepesi anaingia katikati. Asiyependa kuona wanaume na wanawake wakicheza pamoja hana la kuhofia. Buraanbur ni ya akina mama peke yao, na faida ya kiafya haipungui hata chembe.

Faida hiyo inahitajika sasa kuliko zamani. Mfugaji aliyefuata ngamia kutoka kisima hadi kisima hakuhitaji kuambiwa afanye mazoezi. Lakini kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa kwa wingi, na familia nyingi zikasogea mijini. Mjini mtu hukaa. Anakaa dukani, anakaa kwenye kibanda cha chai, anakunywa shaah yenye sukari iliyojaa, na alasiri anakaa tena na miraa. Mama naye yuko nyumbani, na safari yake ndefu ni ya kwenda sokoni. Miili iliyozoea kutembea kutwa ikikalishwa hivyo, kisukari na presha hukaribia, tena kimyakimya.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukizigawa, ni nusu saa kwa siku tano. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na moyo uliozoeshwa hupiga kwa utulivu zaidi. Nusu saa ya buraanbur uani, na majirani watatu na jerikeni tupu ya kupigia mdundo, inahesabika sawa na nusu saa ya kutembea haraka. Mimi ningesema inazidi, maana watu hurudi kesho yake kwa sababu walicheka.

Shida ni kwamba wengi hawachezi kwa wiki nzima, kwa mwezi mzima, halafu inafika arusi. Aliyeketi tangu Ramadhani anataka kucheza saa tatu mfululizo kama kijana. Hapo ndipo mtu anapojiona kwenye filamu, na kumbe yuko jukwaani.

Kwanza kuna joto. Ukivuka daraja la Mto Tana kuingia Garissa, mara nyingi mchana ni nyuzi 35 au zaidi. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho ni maji na chumvi. Kunywa maji kabla ya kuanza, usingoje kiu. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akizimia, na mwili ukawa moto sana, hiyo ni hatari ya kifo: mmwagieni maji, mpepeeni, na mmkimbize hospitali. Asiyejitambua msimnyweshe kitu, kitampalia.

Pili ni miraa, na hapa nitasema wazi ingawa najua nitawaudhi baadhi ya wasomaji. Miraa hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu hata ukiwa umeketi. Ukiongeza dhaanto juu yake, moyo unabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mwenye presha achague kimoja, na sisemi miraa. Kifua kikibana, au maumivu yakishuka mkononi au kupanda kwenye taya, acha kucheza papo hapo na utafute daktari.

Mwenye kisukari anayejidunga insulini au kumeza vidonge ana jambo la ziada. Kucheza kwaweza kushusha sukari kupita kiasi: mtu hutetemeka, hutokwa jasho jembamba, husikia njaa na kuchanganyikiwa. Katika umati wa arusi watu watadhani ni uchovu. Awe na peremende au soda karibu, na amwambie mtu mmoja anayemwamini.

Kuhusu magoti, zamani watu walicheza juu ya mchanga, siku hizi ni kumbi zenye vigae. Kila mruko unarudi gotini. Vaa viatu vyenye soli laini, anza kwa hatua ndogo dakika tano au kumi, na ukiteguka kifundo usikubali kukandwa kwa mafuta ya moto siku hiyo. Funga kitambaa, weka kitu cha baridi, inua mguu.

Na ngoma ikikoma, usiketi ghafla. Tembea polepole ukumbini ukisalimia wazee hadi pumzi irudi, ndipo uitishe chai, sukari kijiko kimoja.