Kufundisha watoto wengi nyumbani: angalia kwanza mtihani, halafu ndipo ununue vitabu



Wengi wetu tuliomaliza chuo tuko nyumbani, kazi bado haijaonekana, na ndugu wanatuletea watoto: «Wewe umesoma, uwafundishe basi.» Kama uko Nyankunde, Marabo ama Komanda, unajua vile inakuja. Vita inasukuma watu, shule inafungwa ama inajaa wakimbizi, siku nyingine walimu wanagoma, na watoto wanabaki kuzunguka ku paseli. Mimi walinifikia watano kwa mara moja, watoto wa yaya wangu, mwaka wa 2021. Mkubwa, binti, alikuwa na miaka 11; nyuma yake vijana wawili wa miaka 10 na 9, halafu wadogo wawili wa miaka 7 na 6. Mimi nilikuwa na lisansi ya agronomia, jembe, na simu moja. Leo nataka kueleza namna ya kuchagua programu na namna ya kushika franga, juu mimi nilianza vibaya, na aliyelipa hakuwa mimi.

Nilianza na vitabu. Ndiyo kosa lenyewe. Sokoni niliona vitabu vilivyotoka Uganda, vyenye rangi, picha nzuri, mazoezi yamepangwa, na bei haikuwa mbaya. Nikasema Kiingereza ni lugha ya kesho, tuende nayo. Kwa miaka miwili tulifuata vile vitabu. Binti yule aliendelea vizuri: anahesabu sehemu, anajua majina ya wanyama wote kwa Kiingereza. Wakati hali ilipotulia kidogo, nikamsindikiza shuleni ili aingie klasi ya 6. Direkta akauliza buletini ya klasi ya 5. Hakuna. Akampa jaribio. Ilikuwa hesabu ya mfanyabiashara aliyenunua mifuko ya mchele na kuiuza kwa faida, yote kwa Kifaransa. Mtoto alijua hesabu ile, nakuhakikishia, tulikuwa tumeifanya mara 20. Hakuelewa swali. Wakamweka klasi ya 4, klasi ileile aliyoiacha alipokimbia. Akaketi na watoto wa miaka 9, magoti yanagusa meza. Siku ile hakula.

Vitabu vile havikuwa na ubaya wowote. Vinapeleka mtoto kwenye mlango wa Uganda: shule ya msingi ya miaka 7, na mwishoni PLE, yenye mitihani 4 kwa Kiingereza: Kiingereza, hesabu, sayansi na masomo ya jamii. Mtoto anayeishi Nyankunde haendi kwenye mlango ule. Huyu wetu anafika mwisho wa klasi ya 6 na kukuta ENAFEP: Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka masomo ya msingi kuwa miaka 8, kwa hiyo baada ya ENAFEP kuna TENASOSP mwisho wa mwaka wa 8, halafu humanités na Exetat. Hiyo ndiyo njia yake yote. Programu yoyote utakayochagua, iulize swali moja tu: inamfikisha kwenye mtihani gani?

Wazee wetu wanakumbuka Rethy Academy, ile shule ya bweni ya watoto wa wamishonari kule Rethy. Walifundishwa kwa Kiingereza, kwa programu ya kwao. Nilikuwa nafikiri ni majivuno. Kumbe walikuwa na hesabu yao: wale watoto wangerudi kusoma vyuo vya kwao, kwa hiyo walifundishwa kufuatana na mlango watakaopitia. Vilevile ndugu zetu walio Kyangwali, ng'ambo ya Ziwa Albert: kama familia haifikiri kurudi karibuni, PLE ndiyo yao, na kumshikilia mtoto kwa Kifaransa kule ni kumchelewesha. Tatizo ni sisi tunaokaa hapa na kununua programu ya mahali ambapo mtoto haendi.

Sasa upande wa sheria, juu watu wananiuliza kama inaruhusiwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema wazazi wako na haki ya kuchagua namna ya malezi ya masomo ya watoto wao. Hapohapo kinasema masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serikali. Kwa hiyo haki ya kufundisha iko. Lakini haki ile haikupi karatasi. ENAFEP mtoto haji peke yake kujiandikisha. Anapelekwa na shule, pamoja na dosie yake. Mimi sikujua hilo, ama tuseme nilijua na sikulitilia maana.

Mlango mwingine niliujua kwa kuchelewa: CRS, vituo vya kusomesha waliochelewa, vilivyo chini ya wizara ya mambo ya jamii. Pale miaka 6 ya msingi inafanywa kwa miaka 3: ngazi ya kwanza inabeba klasi ya 1 na ya 2, ngazi ya pili klasi ya 3 na ya 4, ngazi ya tatu klasi ya 5 na ya 6, na mwishoni wanafunzi wanafanya mtihani wa taifa. Kama mtoto amepita umri na kituo kiko karibu, uliza kule kabla ya kufungua shule yako ya mwembeni. Binti yetu angefaa kabisa pale. Na mkubwa aliyekwisha kupita umri wa sekondari anaweza kwenda Exetat kama otodidakti, lakini kwanza anapita mtihani wa kuchujwa. Asidhani kwamba ni kulipa na kuingia.

Tuje kwa watano. Nilipoanza upya mwaka wa 2023, walibaki wanne nyumbani, na mkubwa alikuwa anarudi saa za mchana. Kosa langu la kwanza lilikuwa kufundisha kila mtoto klasi yake: klasi nne, mwalimu mmoja, kila mtu anangoja zamu yake na kuchezea biki. Programu ya taifa yenyewe inafungia klasi 6 katika ngazi 3: mwanzo (1 na 2), kati (3 na 4), mwisho (5 na 6). Nikawaweka kwa ngazi. Wadogo wawili wakawa kundi moja, wakubwa wawili kundi lingine. Sayansi, historia, jiografia na maadili tunafanya wote pamoja, somo moja: mdogo anachora mmea na kutaja sehemu zake, mkubwa anaandika kwa Kifaransa kazi ya kila sehemu. Hesabu na kusoma ndiyo tunaachana. Wakati naeleza hesabu kwa wakubwa, wadogo wanaandika kwenye ardwazi. Wakati niko na wadogo, wakubwa wanafanya zoezi. Walimu wa vijijini wenye klasi mbili ndani ya chumba kimoja wanafanya hivi kila siku, hakuna elimu mpya hapo.

Lugha: wadogo nilianza nao kusoma kwa Kiswahili. Sheria inakubali lugha za taifa na za mahali kutumika katika kufundisha, na Kiswahili kinasomwa vile kinavyoandikwa, kwa hiyo mtoto anashika herufi haraka. Lakini Kifaransa kinaingia siku ya kwanza kwa mdomo, dakika 20, bila kaye: fungua, funga, leta, ngapi, nani. Ukingoja klasi ya 3 ndipo uanze, utakutana na yule mfanyabiashara na mchele wake.

Franga sasa. Niseme ukweli ambao wengine hawapendi: kama shule ya msingi ya serikali iko karibu, inafanya kazi na njia ni salama, usimfundishe mtoto nyumbani ukidhani unapunguza gharama. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure. Inabaki uniforme, kaye na vile vidogovidogo. Nyumbani utalipa vingine, na kikubwa ni saa zako. Mimi saa 3 za asubuhi wakati wa kupalilia ni shamba lote. Ndiyo maana miezi ya kupanda na kupalilia tulisoma mchana, na asubuhi wote mu shamba. Hii usiiweke pembeni ukipiga hesabu, juu ndiyo inayovunja watu katikati ya mwaka.

Kwa vitabu, chukua kanuni ya mbegu. Mahindi ya ibridi unanunua kila msimu. Ukirudisha mbegu zake mavuno yanashuka. Maharagi yanajichavusha yenyewe, unaweka mbegu zako na mwaka kesho zinaota vilevile. Kitabu ambacho mtoto anajaza majibu ndani yake ni ibridi: kinakufa na mtoto wa kwanza. Kuna programu nzima zimejengwa hivyo, kama vile vijitabu vya ACE. Mwenye mtoto mmoja na mshahara anaweza, lakini zidisha kwa watoto wanne uone. Kitabu cha kusoma, ambacho majibu yanaandikwa kwenye kaye, ni maharagi: kinashuka toka kwa mkubwa hadi kwa mdogo. Sisi tulinunua kitabu kimoja cha Kifaransa na kimoja cha hesabu kwa kila ngazi, tukafunika kwa karatasi ya mfuko wa simenti, na hakuna anayeruhusiwa kuandika ndani hata kwa kalamu ya risasi.

Kaye: wakubwa wawili walitumia 4 kila mmoja kwa mwaka, wadogo 2 kila mmoja, jumla 12. Zoezi la kila siku linakwenda kwenye ardwazi na linafutwa. Kaye inapokea tu kile kinachopaswa kubaki. Tablo ni kipande cha triplai na rangi nyeusi. Wengine wanapaka unga wa betri kuukuu. Usifanye, vumbi lile watoto wanalivuta.

Simu ilisaidia kwa njia moja tu: nikiwa Bunia, kwenye intaneti nzuri, nilipakua Kiwix pamoja na Vikidia, ensaiklopidia ya Kifaransa ya watoto. Huku nyumbani inasomeka bila megabaiti hata moja. Na redio: wakati wa korona, mwaka wa 2020, Radio Okapi ilianzisha Okapi École, na hapo niliona kwamba mtoto anaweza kusikiliza Kifaransa kizuri hata kama mwalimu wake anakivunja kama mimi.

Franga zenyewe zilitoka kwa bustani ndogo ya mita 10 kwa 20, yaani ari 2. Tuliwapa watoto kazi ya kuipima. Mistari kila sentimita 40, mashimo kila sentimita 20: mistari 25, kila mmoja mashimo 100, mashimo 2.500, mbegu 2 kwa kila shimo. Hesabu ile ilichukua siku mbili, na yule wa miaka 11 sasa ndiye aliyegundua kwamba nilinunua mbegu chache. Tulipanda mwezi wa 3, tukavuna mwezi wa 6 kilo 15 hivi, tukaweka mbegu, tukauza nyingine, na kaye zikanunuliwa mwezi wa 7, kabla bei haijapanda mwezi wa 9. Si utajiri. Vitabu vilihitaji pia kuku wawili na msaada wa mjomba.

Lile la karatasi ndilo nililirekebisha mwisho, na ningepaswa kulifanya kwanza. Nilikwenda kwa direkta wa shule moja ya karibu, nikaeleza hali, tukakubaliana: watoto waandikishwe pale, wafanye kompozisyo za kila trimestre na wenzao, pointi ziingie kwenye buletini. Si kila direkta atakubali, na anayekataa ana sababu zake. Omba kwa heshima, nenda na kaye za mtoto aone kazi. Nyumbani tunatunza kartabu moja: cheti cha kuzaliwa, buletini, na kaye moja ya kila mwaka yenye tarehe. Tukikimbia tena, ile kartabu inabebwa kabla ya sufuria. Kijana wa pili alipokewa klasi ya 5 mwaka uliofuata, bila jaribio, bila maneno.

Dada yake yuko klasi ya 6 sasa, mkubwa kuliko wote pale. Jioni ananiomba nimsomee hesabu za Kifaransa kwa sauti, yeye anarudia swali kwa Kiswahili kwanza, ndipo anachukua ardwazi. Ile ya mchele hataki tuirudie.