Kulala kwa mama hakufuti pesa za nyumba

Alfajiri katika kituo cha Khayega, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Kisumu, matatu hujaa kabla jua halijachomoza. Wanaopanda ni watu wa kazi: wauzaji wa maduka, makarani, mafundi, walimu wa shule za kibinafsi. Wengi wao hawajapanga chumba mjini Kakamega, iwe Amalemba au Lurambi. Wametoka bomani kwa wazazi wao Shinyalu au Ikolomani, na giza likiingia watarudi huko huko.

Hapa kwetu hilo si jambo la aibu. Kijana wa kiume akishapashwa tohara hujengewa simba, kibanda chake pembeni mwa boma, na anaweza kukaa humo hadi aoe. Msichana hubaki nyumba kubwa na mama, au hulala kwa kukhu, yaani bibi yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, zaidi ya 600 kwa kila kilomita ya mraba. Mashamba yamegawanywa hadi yamekuwa vipande, na mshahara wa kwanza ni mdogo. Anayekaa kwao anafanya hesabu ya busara.

Ila busara hiyo ina watu wanaoivizia. Siku mfanyakazi anapouliza kuhusu marupurupu ya nyumba, jibu huja likiwa tayari: “Lakini wewe si unakaa kwenu?” Husemwa kwa upole, hata kwa tabasamu, naye aliyeuliza huinamisha kichwa kama mtu aliyenaswa akidai kisicho chake.

Ni chake. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kwa gharama yake mwenyewe, ampe mfanyakazi makao ya kufaa kazini au karibu na kazini, au amlipe pesa za kutosha za kodi juu ya mshahara. Wajibu huo huondoka pale mkataba unapoonyesha kwamba sehemu ya nyumba imeshajumlishwa kwenye mshahara, au pale mapatano ya chama cha wafanyakazi yanapouweka mshahara wa namna hiyo. Mwajiri aliyetoa chumba pia ametimiza wajibu wake, hata kama mfanyakazi amependelea kulala nyumbani. Lakini sharti la kwamba mdai asiwe anaishi na mama, mjomba au dada yake, hulioni.

Kuna atakayesema: pesa hizi ni za kupatia makao, na huyu makao anayo. Msomaji na ayarudie yale maneno “kwa gharama yake”. Gharama ya nani? Chumba anacholala mfanyakazi huyu kiliezekwa na mama yake kwa pesa za mahindi na maziwa. Maji anayooga, taa anayosomea, mlango anaofunga usiku, vyote vinabebwa na mama. Mwajiri anapokataa kulipa kwa sababu mfanyakazi ana kwao, gharama haijaisha. Imehamishwa kutoka kwa mwajiri ikatuliwa kwenye mabega ya mama wa kijijini, ambaye hajawahi kuajiriwa na kampuni hiyo wala kuonja faida yake.

Tuhesabu. Amri za serikali za mishahara ya kima cha chini huweka marupurupu ya nyumba kuwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 16,000 anastahili 2,400 zaidi kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 28,800. Bomani, kiasi hicho ni mabati, ni mlango wa chuma, ni sakafu ya saruji ndani ya nyumba iliyokuwa ya udongo.

Serikali yenyewe haiwaulizi wafanyakazi wake wanalala wapi. Marupurupu ya nyumba ya mwalimu wa umma hufuata daraja lake na eneo la kazi. Ndiyo maana mwalimu wa Nairobi hupokea zaidi ya mwenzake wa daraja hilo hilo aliye Khwisero. Akitoka kwa mkewe, kwa mama yake au kwenye nyumba aliyojijengea, kiasi ni kile kile.

Haikuwa hivyo daima. Kwa miaka mingi baada ya uhuru wa 1963, wanawake walioolewa waliokuwa wakiitumikia serikali walinyimwa marupurupu ya nyumba, kwa hoja kwamba mume ndiye aliyewapa makao. Mama aliyefanya kazi sawa na mwanamume wa dawati la pili alirudi nyumbani na pesa pungufu kwa kuwa tu alikuwa na mume. Utaratibu huo ulipigwa vita hadi ukafutwa, na leo Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ndoa. Lakini “si unakaa kwenu?” ni mtoto wa fikra ile ile: kwamba aliye na jamaa wa kumsitiri hahitaji haki yake.

Uchungu unazidi ukikumbuka ushuru wa nyumba. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini Machi 2024, kila mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Aliye bomani kwa wazazi hasamehewi. Hachangii kidogo kwa kuwa hapangi. Basi iweje awe na nyumba anapodai, na awe mlipaji kamili anapokatwa?

Fikra hiyo ya kwamba aliye na jamaa hahitaji haki yake huwafikia hata wazee. Kukhu aliyefikisha miaka 70 akiwa kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali unaowapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi, husikia majirani wakinong'ona kwamba mjukuu wake ana kazi mjini, kwa nini apewe? Fedha za wazee hutolewa kwa mzee mwenyewe kwa umri wake, akiwa hana pensheni. Kumlea mjukuu hadi akapata kazi si kosa la kuadhibiwa.

Kwa hivyo, unayesafiri kila asubuhi kutoka kwenu, anza na barua yako ya ajira. Tafuta kama mshahara umeelezwa kuwa unajumlisha nyumba. Kisha soma hati ya mshahara: pesa za nyumba zina mstari wake? Kama hazipo kote kuwili, uliza kwa maandishi, kwa adabu, na uweke nakala. Usitunge risiti za kodi. Sheria haikukuomba, na uongo utaiharibu haki iliyokuwa safi. Ukinyamaziwa, nenda kwa chama chako au kwa afisa wa kazi wa serikali. Usikawie, kwani madai ya kazi yana muda wake, na kwa kawaida ni miaka mitatu.

Pesa zikija, zikumbuke zilikotakiwa kwenda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mwenye mshahara si mgeni tena kwa mama yake. Keti naye jioni moja, umwonyeshe ule mstari kwenye hati, umwambie hizi ni za nyumba. Miaka yote ametoa makao bila kumwandikia mtu bili. Mwezi huu alipwe.