Maji ya Kangemi, Ardhi ya Gatanga

Mkazi wa Kangemi anunuapo mtungi wa maji hulalamikia bei, na ana haki. Lakini gharama nyingine ililipwa mbali, huko Gatanga, lilikojengwa bwawa la Ndakaini, tegemeo kuu la Nairobi. Lilikamilika mwaka 1994, nalo huhifadhi mita za ujazo milioni 70. Wakulima walihamishwa, mabonde waliyolima yakawa ziwa. Mto uliozuiliwa nao hupoteza majira yake ya kujaa na kupungua, wakataabika samaki na ndege walioyazoea. Tope lililorutubisha kingo hutuama bwawani na kulijaza. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ulioanzishwa mwaka 2015, huwasaidia wakulima kuzuia mmomonyoko. Vyema, ila darasani tuulize pia: waliohama waligawiwa nini katika maji hayo?