Pampu ya bwawa inavyokula pesa ya nyasi Dodoma

DODOMA. ASUBUHI baada ya mechi pale Jamhuri, ukitaka kuwaona wachezaji wa timu ngeni usiende uwanjani. Nenda hotelini walikofikia. Kama hoteli ina bwawa la kuogelea, utawakuta humo, maji yakiwa kifuani, wanatembea taratibu kutoka ukuta huu hadi ule huku wakitaniana kuhusu mabao waliyokosa jana. Miguu imechoka, na ndani ya maji mwili unakuwa mwepesi. Ndiyo maana makocha wa viungo wanapenda kuanzia hapo.

Watu wote macho kwa mastaa. Hakuna anayeangalia kile kichumba kidogo nyuma ya ukuta, kinachonguruma mchana na usiku. Humo ndimo ilimo pampu inayovuta maji ya bwawa, kuyapitisha kwenye chujio na kuyarudisha yakiwa safi. Na humo ndimo pesa inapopotelea.

Unaweza kusema, hiyo si habari ya michezo. Subiri kwanza. Ukipiga hesabu vizuri, utagundua umeme unaopotea kwenye pampu moja ya bwawa unatosha kumwagilia uwanja mzima wa mpira, mwezi mzima, kiangazi cha Dodoma.

HESABU YENYEWE

Chukua bwawa la kawaida la hoteli, urefu mita 15, upana mita 8, kina cha wastani mita moja na nusu. Humo zinaingia lita 180,000. Pampu yake iwe ya kilowati 1.5, inayosukuma kama lita 22,000 kwa saa. Maana yake, maji yote ya bwawa yanapita kwenye chujio mara moja kila baada ya saa nane na kitu.

Mteja wa kawaida wa kundi la T1 wa TANESCO analipa Sh292 kwa uniti. Ukiongeza VAT na tozo nyingine, inafika kama Sh356. Ndiyo maana ukinunua LUKU ya Sh1,000 unapata uniti 2.8 tu. Sasa twende taratibu.

Pampu ikiachwa imewaka saa 24, inakula uniti 36. Hiyo ni Sh12,816 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni Sh384,480. Maji yanazungushwa karibu mara tatu kwa siku, wakati bwawa lenye waogeleaji wachache halihitaji kiasi hicho.

Ukiifunga taima ya kawaida, pampu ikafanya kazi saa 12 na kulala saa 12, unakula uniti 18. Bili inakatika nusu, Sh192,240 kwa mwezi. Maji bado yanazunguka mara moja na nusu.

Halafu kuna njia ya tatu, ndiyo yenye akili zaidi: pampu inayobadili mwendo. Inakwenda kasi kamili saa tatu tu, pale timu inapotoka majini na bwawa limechafuka. Saa 21 zilizobaki inakwenda nusu mwendo, ikila kama kilowati 0.3. Jumla ni uniti 10.8 kwa siku, sawa na Sh115,344 kwa mwezi. Na usidhani maji yanazunguka kidogo. Yanazidi yale ya taima, karibu lita 297,000 kwa siku.

Kutoka Sh384,480 hadi Sh115,344. Tofauti ni Sh269,136 kila mwezi, kwa pampu moja.

SIRI IKO KWENYE MWENDO

Inawezekanaje pampu ifanye kazi saa zote 24 na bado ile kidogo kuliko ile inayolala nusu siku? Mtu wa mpira anaweza kulielewa hili haraka kuliko mhasibu.

Kiungo mzuri anakimbia kilomita 10 hadi 12 katika dakika 90, lakini mbio za kasi kamili ni sehemu ndogo sana ya hizo, haifiki hata moja ya kumi. Muda mwingi anatembea au anakimbia taratibu. Ukimwambia akimbie kasi kamili tangu filimbi ya kwanza, dakika ya 20 utamtoa kwa machela. Clatous Chama hakuwahi kuwa mtu wa mbio, na mabeki wanajua alichowafanyia. Anatembea, anatembea, halafu pasi moja watu wamekwisha.

Pampu nayo ni hivyo hivyo. Ukipunguza mwendo wake hadi nusu, maji yanayopita yanapungua hadi nusu. Lakini maji yakipita taratibu hayasuguani sana na mabomba na chujio, kiasi kwamba kila lita inahitaji robo tu ya msukumo wa mwanzo. Nusu ya maji mara robo ya msukumo, unapata moja ya nane ya umeme. Kwenye karatasi pampu yetu ya kilowati 1.5 ingeshuka hadi chini ya 0.2. Kwa kuwa mota na kidhibiti mwendo navyo vinapoteza kidogo, hapa tumeweka 0.3.

Wenzetu wameshaligeuza jambo hili kuwa sheria. Marekani, tangu Julai 2021, kanuni za nchi nzima zinataka pampu za mabwawa zinazouzwa zifikie kiwango cha matumizi bora ya umeme. Kwa pampu nyingi kubwa, njia ya kukifikia ni hiyo ya kubadili mwendo.

AKILI YA KITAA NAYO INAHITAJIKA

Hapa Dodoma kuna mambo ambayo kitabu cha maelekezo kutoka nje hakikuambii.

La kwanza ni vumbi. Upepo wa Julai hadi Septemba unabeba udongo mwekundu na kuumwaga kwenye maji. Chujio likiziba, pampu inasukuma kwa nguvu na maji yanapita kiduchu. Kifaa kizuri kina kipimo cha mgandamizo kinachokwambia chujio limejaa. Kama huna, angalia geji kwa macho kila asubuhi. Na siku ya kuliosha chujio kwa kurudisha maji kinyume, pampu lazima iende kasi kamili. Nusu mwendo haitoi uchafu.

La pili ni bei ya usiku. Ulaya na Marekani maeneo mengi umeme wa usiku ni rahisi, kwa hiyo vifaa vyao vimepangwa viwashe pampu watu wakilala. Kwetu mteja wa T1 analipa bei ileile saa saba mchana na saa saba usiku. Ukihamishia pampu usiku bila kupunguza mwendo wala saa, hujaokoa hata senti. Hoteli kubwa zilizo kundi la T2 ni kesi nyingine. Wao uniti ni nafuu, lakini wanalipia pia kilele cha matumizi. Kwao kuna maana ya kuzuia pampu, mashine za kufulia na jiko kukamua umeme kwa wakati mmoja.

La tatu ni umeme kupanda na kushuka. Kidhibiti mwendo ni kifaa cha elektroniki, hakipendi misukosuko. Tangu Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lianze kuzalisha, kelele za mgao wa 2023 zimepungua, lakini kukatika kwa hapa na pale bado kupo. Usifunge kidhibiti bila kinga ya umeme.

Na la nne, dawa. Pampu inaweza kuwa na akili kama ya Pep Guardiola, lakini kama klorini haijapimwa, wachezaji watatoka na macho mekundu na matumbo yakiuma. Kupunguza umeme si ruhusa ya kupunguza usafi.

SASA TURUDI UWANJANI

Dodoma inapata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Ligi Kuu inaanza Agosti au Septemba. Yaani mechi za mwanzo, zile ambazo timu inatafuta pointi za kujijenga, zinachezwa ardhi ikiwa imekauka kuliko wakati wowote wa mwaka. Uwanja usiomwagiliwa unakuwa mgumu kama lami. Mpira unadunda hovyo, pasi za chini hazifiki, magoti na vifundo vya miguu vinaumia. Ukiona timu inabutua tu, wakati mwingine usimlaumu kocha.

Eneo la kuchezea la mita 105 kwa 68, pamoja na pembezoni, ni kama mita za mraba 8,000. Nyasi za kiangazi zikipewa milimita tano za maji kwa siku, unahitaji lita 40,000. Tuseme maji yako mita 60 chini kwenye kisima, na vinyunyizio vinahitaji msukumo sawa na kuyapandisha mita 40 zaidi. Ukijumlisha na upotevu wa pampu na mota, unatumia kama uniti 22 kwa siku. Ni Sh7,832. Kwa mwezi, Sh234,960.

Irudie hiyo namba. Kumwagilia uwanja mzima kwa kisima ni Sh234,960. Kinachopotea kwenye pampu ya bwawa iliyoachwa inanguruma ni Sh269,136. Chenji inabaki.

Ni kweli hiyo ni hesabu ya umeme peke yake, na ni kwa mwenye kisima chake. Anayenunua maji ya bomba ana bili nyingine. Lakini klabu, shule au taasisi yenye uwanja, hosteli na bwawa ndani ya uzio mmoja haina sababu ya kulia kwamba nyasi zimekufa kwa kukosa pesa ya umeme. Pesa ipo, iko kwenye kile kichumba.

MTEGO WA KUKWEPA

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Fundi anakuja, anaonyesha akiba ya bwawani, halafu anakuuzia kidhibiti kilekile kwa ajili ya kisima akiahidi bili itashuka vilevile. Mkatalie.

Maji ya bwawa yanaanzia bwawani na kurudi bwawani. Hayapandishwi popote, kazi ni msuguano tu. Maji ya kisima yanapanda. Ukipunguza mwendo wa pampu hadi nusu, msukumo unabaki robo. Pampu iliyoweza kupandisha maji mita 100 sasa inaweza mita 25, na kisima chako kina mita 60. Mota itazunguka, LUKU itasoma, na bombani hatoki hata mdudu.

Kwenye kisima akili inakaa sehemu nyingine. Weka swichi inayozima pampu tenki likijaa na kisima kikikauka. Mwagilia alfajiri au usiku, upepo ukiwa umetulia na jua halijanyonya maji kabla hayajafika kwenye mizizi. Weka kipimo cha unyevu ardhini ili siku udongo una maji ya kutosha pampu ipumzike. Ziba mivujo, maana lita inayomwagika njiani umeshailipia umeme. Na kwa jua hili la Dodoma, pampu ya sola inayojaza tenki mchana ni jambo la kulipigia hesabu.

Haya si mageni kwa watu wa hapa. Dodoma Jiji wanaitwa Walima Zabibu, na wakulima wa zabibu wa Chinangali kule Chamwino wanamwagilia kwa matone, kila mche unapewa maji yake. Kama shamba la zabibu linajua kuhesabu tone, uwanja wa mpira unashindwaje?

SWALI LA KUULIZA

Tangu Mfalme Mohammed VI wa Morocco alipokuja nchini 2016 na ahadi ya uwanja mkubwa wa Dodoma kutolewa, stori za mashabiki wa hapa zimekuwa za majukwaa na idadi ya viti. Afcon 2027 tunayoandaa na Kenya na Uganda imezikoleza. Ni sawa, kila mtu anapenda kiti kizuri. Lakini majukwaa hayatoi pasi. Mpira unachezwa kwenye nyasi, na nyasi zinaishi kwa maji na umeme wa kila siku, muda mrefu baada ya utepe kukatwa.

Kwa hiyo ukiwa mwanachama, ukipata nafasi kwenye mkutano wa klabu, usiishie kuuliza straika anasajiliwa lini. Uliza pampu ngapi zipo, zinawaka saa ngapi kwa siku, na nani anaandika namba za mita kila wiki. Ukiambiwa kuna kifaa cha kununua, chukua bei yake, igawanye kwa akiba ya mwezi. Kifaa cha Sh1.5 milioni kinachookoa Sh269,000 kinajilipa ndani ya miezi sita, kabla hata mzunguko wa pili haujafika katikati.

Na kama hakuna hela ya kifaa, anzeni na taima. Hiyo peke yake inakata bili ya bwawa nusu. Mengine yatafuata.